Nani aliyacheza maua ya Wordsworth? Tamathali si orodha ya dukani

NILIPOKUWA kidato cha pili, mwalimu mmoja alitukaririsha shairi la William Wordsworth kuhusu maua ya dafodili. Tulilighani kama kasuku. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona ua lenyewe. Mimi, kwa kuwa niliambiwa ni la manjano, nilichora alizeti kichwani, basi yakaisha. Mtihani ulipofika niliorodhesha tamathali zote: tashbihi hizi hapa, tashihisi ile pale, chuku nayo haikosi. Nikapata alama nzuri. Kuelewa? Sikuelewa kitu.

Kisa hiki kilinirudia juzi kijana mmoja mtaani aliponijia na daftari. “Mwalimu,” akaniuliza, “hizi tashbihi tunazitafuta za nini?” Swali zuri mno. Leo, mpenzi msomaji, nitalijibu kwa kutumia shairi lilelile lililonitesa, na nitaanza na historia yake.

Mnamo Aprili 15, 1802, Wordsworth na dadake, Dorothy, walikuwa wakirejea kwa miguu nyumbani kwao Grasmere, katika eneo la maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Upepo ulivuma vikali. Kando ya Ziwa Ullswater wakayakuta maua hayo, machache kwanza, kisha utitiri mrefu ukifuata ufuo. Dorothy aliyaeleza katika shajara yake: mengine yalilaza vichwa juu ya mawe kama mtu aliyechoka alazavyo kichwa mtoni, nayo mengine yalicheza na kuuchekea upepo uliotoka ziwani.

Wordsworth hakuliandika shairi siku ile. Aliliandika takriban miaka miwili baadaye, likachapishwa 1807. Kwa hivyo tashihisi tunayomsifia, ya maua yanayosakata densi, ilikuwa tayari imo katika shajara ya dadake. Isitoshe, mishororo miwili inayozungumzia jicho la ndani ya nafsi ilitungwa na mkewe, Mary, na Wordsworth mwenyewe alikiri kuwa ndiyo bora zaidi. Kumbe shairi la mtu mpweke lilitungwa na familia!

Hapo ndipo tashbihi ya kwanza inapokuwa na maana. Nafsineni anajifananisha na wingu linaloelea peke yake juu ya mabonde na vilima. Lakini tumeona kwamba siku ile Wordsworth hakuwa peke yake. Je, alitudanganya? La. Nafsineni si mshairi, na hili wanafunzi wengi hulisahau. Mshairi alihitaji mtu mmoja asiye na mizizi, anayesukumwa tu, ili amkabilishe na umati wa maua yenye mizizi, yaliyo pamoja na yenye furaha. Upepo unaolisukuma wingu ndio uo huo unaoyachezesha maua. Kwa mmoja ni uzururaji, kwa wengine ni densi. Ukisema tu “hapa pana tashbihi”, hayo yote yamekupita. Na ukilijua hilo, utajua pia gharama yake: ili wingu libaki peke yake, Dorothy ilibidi aondolewe.

Tuitazame takriri. Shairi tunalolisoma leo lina beti nne za mishororo sita, yaani sisi Waswahili tungeliita tasdisa. Mishororo minne ya kwanza ya kila ubeti hupishana vina, na miwili ya mwisho hushirikiana kina kimoja. Neno la densi limo katika kila ubeti, lakini mchezaji habaki yuleyule. Katika beti mbili za kwanza ni maua. Katika wa tatu mawimbi ya ziwa yanaingia uwanjani. Katika wa nne, nafsineni akiwa amejilaza nyumbani, ni moyo wake unaocheza. Densi imetoka ufuoni ikaingia kifuani mwa mtu. Upweke uliomlemea mwanzoni sasa umekuwa faragha yenye raha. Hiyo ndiyo kazi ya takriri hapa.

Wala haikuja kwa mkupuo mmoja. Toleo la 1807 lilikuwa na beti tatu tu. Ubeti wa pili, unaoyafananisha maua na nyota nyingi zisizokatika angani, uliongezwa katika toleo la 1815. Mwaka huohuo, katika mshororo wa nne, maua yaliyokuwa ya kucheza yakageuzwa kuwa ya rangi ya dhahabu. Wafuasi wa mkondo wa Ulimbwende walisifia hisia zinazobubujika zenyewe, na Wordsworth alikuwa mstari wa mbele. Hata hivyo, aliamini kwamba hisia hizo hukumbukwa baadaye, moyo ukiwa umetulia. Naam, na kalamu ya kusahihishia ikiwa mkononi.

Sasa, turudi kwa alizeti yangu. Mwandishi Jamaica Kincaid, katika riwaya yake Lucy ya 1990, anamsawiri msichana wa Karibiani aliyekaririshwa shairi hilihili miaka mingi kabla ya kuliona ua, na hasira aliyobaki nayo. Naielewa hasira hiyo. Hapa kwetu, mnamo 1968, Ngũgĩ wa Thiong’o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Hawakusema fasihi za wengine zitupwe. Walitaka tuanzie kwetu, kisha tuyatazame ya wenzetu kwa macho yetu.

Kosa basi halikuwa la ua wala la Wordsworth. Lilikuwa la ufundishaji uliotutaka tuhesabu tamathali kama mtu anayehesabu nyanya sokoni. Nilimwambia yule kijana: kila uonapo tamathali, jiulize maswali matatu. Imeweka nini karibu na nini? Imebadilisha nini kati ya mwanzo na mwisho? Na imemficha nani?

Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama Dorothy hutajwa katika majibu ya mtihani. Nikamjibu, “Mwanangu, mtaje wewe.”