Stesheni ya Ruvu: Istilahi kama Ushahidi wa Historia

Chalinze inajulikana na kila msafiri kwa njia panda yake, kwani hapo ndipo barabara ya Dar es Salaam na Morogoro inapokutana na ile iendayo Segera, Tanga na Arusha. Lakini Chalinze haina stesheni ya reli. Njia panda ya reli iko Ruvu, kusini-mashariki ya mji huo, mahali ambapo njia iendayo Mnyusi huachana na Reli ya Kati. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba anayetaka kuandika historia ya stesheni ndogo kama Ruvu hana budi kuyachunguza maneno kwanza, na kwamba maneno yakisanifishwa kabla ya kuchunguzwa, sehemu ya historia hupotea pamoja nayo.

Kwanza tuyatazame matukio. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Kipande cha hadi Morogoro, kinachopita Ruvu, kilifunguliwa mwaka 1907. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 Wajerumani, wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Uingereza, walibomoa madaraja ya njia hiyo. Baadaye reli ilishikwa na Waingereza, na mwaka 1948 ikaingizwa katika shirika moja la reli na bandari za Afrika Mashariki. Muda wote huo Reli ya Kati na Reli ya Tanga hazikuwa zimeungana. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu hadi Mnyusi, na kuanzia hapo behewa liliweza kutoka Kigoma hadi Tanga au Moshi bila mzigo wake kupakuliwa. Ruvu, iliyokuwa stesheni ya kawaida, ikawa stesheni ya makutano. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli za Tanzania zilikabidhiwa kwa shirika la taifa.

Kila badiliko la utawala lilileta lugha yake ya ofisi, na hapo ndipo taabu ya mtafiti inapoanzia. Akitafuta Reli ya Kati katika majalada ya Kijerumani hataiona kwa jina hilo. Yampasa kutafuta Mittellandbahn, na pia Tanganjikabahn. Mto Ruvu ataukuta umeandikwa Ruwu, na katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 ataukuta ukiitwa Kingani. Zaidi ya hayo, mto Pangani nao, katika sehemu zake za juu, huitwa Ruvu. Asiyelijua jambo hili aweza kuchukua habari za kaskazini akazibandika kwenye stesheni ya Pwani, na kosa hilo likanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu.

Matatizo hayaishi kwenye majina ya mahali. Fikiria neno depo. Katika kazi ya reli, depo ni mahali injini zinapowekwa na kuhudumiwa. Bohari ni mahali pa kuhifadhia vifaa. Karakana ni mahali pa kutengenezea mitambo. Na stesheni ni mahali abiria wanapopanda na kushuka, na mwendo wa treni unapoongozwa. Lakini Wamarekani hulitumia neno hilohilo la depo kwa maana ya stesheni. Mfasiri akikutana nalo katika maandishi yao, kisha akaandika bohari, amekwisha kuifuta stesheni na kujenga ghala mahali pake. Hali kadhalika neno kituo: linafaa kwa basi, kwa polisi na kwa afya, kwa hiyo peke yake halitoshi katika maandishi ya reli.

Kwa upande mwingine, maneno yaliyoota yenyewe midomoni mwa watu yana ushahidi wake. Behewa, kabla ya kuitwa hivyo gari la treni, lilikuwa ua wa ndani wa nyumba kubwa ya mawe ya Pwani. Taruma, ambalo leo ni gogo au chuma cha kulalia reli, lilikuwa ubao wa kukazia chombo cha baharini. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, kisha jina likamhamia mwenyewe. Maneno haya yanatueleza kwamba watu wa Pwani waliipokea reli kwa lugha ya nyumba zao, majahazi yao na kazi zao. Wajerumani ndio waliojenga stesheni ya kwanza, walakini neno stesheni lenyewe tumelipata kwa Kiingereza.

Kwa hiyo yafaa kila mtafiti aweke kadi yenye sehemu tatu: neno kama lilivyoandikwa au kutamkwa, lugha na mwaka wa ushahidi huo, na istilahi sanifu ya leo. Sehemu ya tatu isiruhusiwe kuifuta ya kwanza. Mwalimu anayewatuma wanafunzi kuwahoji wazee wa reli na awaagize waandike neno la mzee kwanza, ndipo waulize maana yake.

Jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha Dodoma, katika reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, hali ile ya zamani ina milimita 1,000. Reli hiyo nayo ina stesheni iitwayo Ruvu. Basi anayeandika leo “stesheni ya Ruvu” bila kutaja reli wala mwaka anamwachia msomaji wa kesho fumbo. Na neno garimoshi, ambalo lilidumu hata injini za dizeli zilipochukua nafasi ya zile za mvuke, sasa limekabiliwa na gari lisilotoa moshi kabisa. Huenda likabaki, huenda likaachiwa reli ya zamani. Hilo litaamuliwa na watumiaji wa lugha. Wajibu wetu ni kuandika, kwa tarehe, ni nani aliyelitumia na kwa maana gani.