Hali ya Mgonjwa na Vipimo Vyake

Mtu wa Tabata aliyepatwa na saratani ya damu, anapopita Buguruni kwenda Muhimbili au hospitali ya Ocean Road, huulizwa hali yake mara nyingi kabla ya kumfikia daktari. Jirani humwuliza, abiria mwenzake humwuliza, mwuguzi humwuliza. Jawabu lake kwa wote ni moja: hajambo, anamshukuru Mungu. Jawabu hilo ni adabu, wala si uongo. Lakini si habari ya ugonjwa wake. Daktari atakaye kujua kama dawa imemfaa mtu huyo hana budi kutafuta njia ya kupita nyuma ya salamu. Njia hiyo ina historia yake, nayo ni historia ya watu waliojifunza polepole kuwa hali ya mgonjwa haijulikani mpaka aulizwe mwenyewe, kwa maneno ayajuayo.

Kipimo cha kwanza kilichoenea kilitoka New York. Mwishoni mwa miaka ya 1940, David Karnofsky na wenzake walikuwa wakijaribu kutibu saratani kwa dawa za jamii ya gesi ya haradali, ile sumu ya vita. Waliona haitoshi kujua uvimbe umepungua kiasi gani. Wakatunga daraja za kumi kumi, tangu 100 mpaka 0. Mwenye 100 hana dalili ya maradhi. Mwenye 70 aweza kujitunza, ila hawezi kazi. Mwenye 0 amekwisha kufa. Kipimo hiki ni chepesi, nacho hutumika hata leo. Kasoro yake ni kuwa kalamu imo mkononi mwa daktari. Maumivu ya usiku, hofu, na aibu ya mzee kuoshwa na mwanawe havina daraja humo.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Baadaye ikajulikana kuwa ni saratani ya chembe za kinga ya mwili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda, wakapita Tanganyika, mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza katika hospitali za njiani kama uvimbe huo waonekana. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kuutibu, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Baadhi ya watoto walipona kwa dawa kidogo tu, hata wataalamu wakakisia kuwa mwili wenyewe ulikuwa ukisaidia vita. Lakini yaliyohesabiwa zama hizo yalikuwa aghalabu ukubwa wa uvimbe na urefu wa maisha.

Kalamu ilihamia upande wa mgonjwa baadaye. Mwaka 1993 Neil Aaronson na wenzake wa Ulaya walitoa orodha ya maswali 30, na mwaka huo huo David Cella akatoa ya kwake Marekani. Orodha ya Ulaya huuliza habari za juma lililopita: usingizi, pumzi, hamu ya chakula, huzuni, nguvu za kubeba mzigo, hata shida ya fedha iliyoletwa na maradhi. Mgonjwa hujibu mwenyewe, na jawabu lake huwa hesabu.

Ndipo zikaja tiba za kinga. Rituximab, ambayo hushika chembe za saratani ili kinga ya mwili iziangamize, iliruhusiwa Marekani mwaka 1997, na mwaka 2015 ikaingia katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu tiba iliyo ngeni zaidi: chembe za kinga za mgonjwa hutolewa, hufundishwa kuitambua saratani, kisha hurudishwa mwilini. Tiba hii yaweza kuleta homa kali, kushuka kwa shinikizo la damu, na kuvurugika kwa akili. Kwa hiyo mgonjwa hutakiwa kutaja mji alimo, kuhesabu kinyumenyume, na kuandika sentensi moja, ili ionekane kama akili i salama. Hapa maswali ya zamani yalipwaya. Mtu aweza kuwa mahututi siku ya tano na mzima siku ya thelathini. Akiulizwa siku moja tu, nusu ya habari hupotea.

Kisha liko jambo la lugha. Orodha ya Ulaya hutafsiriwa na watu wawili, hurudishwa katika lugha ya asili na wengine, kisha hujaribiwa kwa wagonjwa. Kazi hiyo ni ya lazima. Swali la kubeba mfuko mzito wa sokoni halina uzito kwa mama wa Tabata mpaka aulizwe habari ya ndoo ya maji. Nalo swali la fedha, ambalo ni moja tu katika 30, kwake huenda likawa la kwanza.

Chama cha Afrika cha tiba ya kupunguza maumivu kilitunga kipimo chake chenye maswali kumi: saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemwuguza. Huuliza kama mtu ameweza kumwambia mwenziwe yaliyo moyoni, na kama ana amani. Asiyejua kusoma hujibu kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano.

Tiba ile ya mwaka 2017 ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola 475,000. Mali kama hiyo hununua siku za maisha, na ni haki kuuliza siku hizo ni za namna gani: za kulala ukutani, au za kurudi dukani na kucheza na wajukuu? Picha na maabara haziwezi kujibu. Ajuaye ni yule aliyesema hajambo; naye hatasema zaidi mpaka mtu akae kitako, amwulize mara ya pili, na kungoja.