Karatasi na Uhai wa Kijitabu cha Kiswahili

Historia ya maandishi ya Kiswahili kwa kawaida huelezwa kwa kufuata watunzi, miji na tarehe za tungo. Karatasi iliyozibeba tungo hizo hutajwa kwa nadra, kana kwamba ni chombo tu kisichokuwa na athari yoyote juu ya kilichoandikwa. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba sivyo. Uchaguzi wa karatasi, hasa kwa kijitabu, ambacho ni kitabu cha mtu wa kipato kidogo, umesaidia kuamua mambo mawili makubwa: ni nani aliyeweza kukinunua, na ni maandishi yapi yaliyodumu hata kizazi cha wajukuu kikayasoma. Mara nyingi mambo hayo mawili yamevutana, kwa maana karatasi rahisi humfikia msomaji leo na kumwacha mrithi wake mikono mitupu.

Ushahidi wa lugha yenyewe

Msamiati wa kazi hii unatosha kumwonyesha mtafiti njia ambazo karatasi ilipitia. Neno "karatasi" limetoka katika Kiarabu, "qirtas". "Jalada" na "kitabu" asili yake ni huko huko. Neno "chapa", ambalo kwalo Waswahili hutaja kazi ya matbaa, limekuja na lugha za Bara Hindi. "Rimu" lina safari ndefu zaidi. Lilianza kwa Waarabu kama "rizma", yaani mtumba au furushi, likaingia Ulaya kupitia Uhispania, kisha likarudi pwani ya Afrika ya Mashariki kwa mkono wa Waingereza, likiwa na maana ya karatasi 500.

Neno lenye mafunzo zaidi ni "ukurasa". Katika Kiarabu "kurrasa" si upande mmoja wa karatasi, bali ni karatasi kadhaa zilizokunjwa pamoja, yaani kijitabu. Waswahili walilipokea neno hilo wakalihesabu kuwa ni wingi, "kurasa", kisha wakalizalia umoja wake kwa kufuata ngeli ya U-. Kwa hiyo katika Kiswahili ukurasa umepewa jina na kijitabu, wala si kijitabu kilichopewa jina na kurasa zake. Umbo hilo la karatasi zilizokunjwa lilikuwa mashuhuri pwani kabla ya mtambo wa kuchapia kuwasili, na juzuu ambazo watoto walisomea chuoni ni mfano wake ulio wazi.

Karatasi ya miswada

Miswada ya kale ya pwani iliandikwa juu ya karatasi iliyotoka ng'ambo. Utendi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali, ulioandikwa Pate, una mswada wenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1728. Misahafu iliyonakiliwa Siyu katika karne ya 18 na ya 19 imo katika karatasi za Ulaya, na katika biashara ya Bahari ya Kati na nchi za Kiislamu karatasi iliyoenea sana wakati huo ni ile ya Italia yenye alama ya maji ya hilali tatu. Karatasi ya namna hiyo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Nyuzi zake ni ndefu, haina mabaki ya mti yanayoigeuza rangi, na ikihifadhiwa pakavu hudumu kwa karne kadhaa.

Mnakili wa Kiislamu hakutazama udumifu peke yake. Alihitaji uso laini usionywa wino, ili kalamu ya tete iteleze na makosa yafutike. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Kiislamu karatasi ilipakwa uji wa wanga kisha ikasuguliwa kwa jiwe hata ikang'aa. Tena hati ya Kiarabu ina dai lake maalumu. Herufi kadhaa hutofautiana kwa nukta tu, na zile zilizoongezwa ili kuandikia sauti za Kiswahili nazo hutegemea nukta. Karatasi nyepesi inayoonyesha maandishi ya upande wa pili huweza kumzidishia msomaji nukta isiyokuwapo, na kwa utungo usiojulikana kwa moyo, nukta moja huleta neno jingine. Uzito wa karatasi, kwa hiyo, uligusa maana yenyewe.

Matbaa na karatasi ya mti

Katika miaka ya 1860 misheni ya Universities' Mission, ambayo Edward Steere alikuwa mmoja wa viongozi wake, ilianza kuchapa vijitabu vya Kiswahili mjini Unguja. Karibu na mwaka wa 1880 Sayyid Barghash naye aliweka matbaa ya Kiarabu, iliyotoa juzuu za fiqhi ya Kiibadhi. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kutoka Unguja. Wachapaji hao wote walianza kazi katika kipindi ambacho karatasi yenyewe ilikuwa inabadilika ulimwenguni.

Mabadiliko hayo yalikuwa mawili. La kwanza ni la mwaka 1807, pale Moritz Friedrich Illig wa Ujerumani alipotangaza njia ya kuipa karatasi kinga dhidi ya wino kwa kutumia ulimbo na shabu badala ya gundi ya ngozi. Njia hii ilikuwa rahisi na ilifaa kwa mashine, lakini shabu huacha asidi ndani ya karatasi. La pili lilikuja katika miaka ya 1840, ilipogunduliwa namna ya kusaga mti na kuugeuza kuwa rojo la karatasi. Mti uliosagwa una lignini, nayo hugeuka manjano ikipigwa na mwanga na hewa. Kufikia mwisho wa karne ya 19 karatasi ya matambara ilikuwa imeanza kuwa kitu cha anasa, na karatasi ya mti ndiyo iliyoshika soko.

Haifai kuyasimulia mabadiliko hayo kama hasara tupu. Bila karatasi ya mti, elimu ya kusoma isingelienea kama ilivyoenea. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lisingeliweza kuwafikia wasomaji wa mashambani kwa karatasi ya kitani. Lakini malipo yake yalikuja baadaye. William Barrow, Mmarekani aliyechunguza vitabu 500 vilivyochapwa Marekani kati ya 1900 na 1949, alitangaza mwaka 1959 kwamba ni takriban asilimia 3 tu ya vitabu hivyo vilivyotarajiwa kudumu zaidi ya miaka 50. Asidi hukata nyuzi polepole. Karatasi hukauka, na mwishowe huvunjika pale pale ilipokunjwa. Joto huharakisha kazi hiyo, na unyevu huisaidia. Pwani ina vyote viwili, pamoja na mende na mchwa. Kijitabu kinachochakaa Ulaya kitachakaa upesi zaidi Lamu au Tanga.

Habari za Wakilindi

Hatari hii yaonekana vizuri katika mfano wa Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kitabu hicho, ambacho ni miongoni mwa kazi kubwa za nathari ya Kiswahili za wakati wake, kilichapwa na misheni kule Magila, katika nchi ya Usambara, kikatolewa sehemu kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Vitabu vinavyotoka kwa vipande vya namna hii huwa katika hatari mara mbili: vipande hutengana, na kila kimoja, kwa wembamba wake, huonekana kuwa kitu cha kutupwa. Mwaka 1962 J.W.T. Allen aliihariri kazi hiyo, nayo East African Literature Bureau ikaichapa upya. Wasomaji wengi wa baadaye waliijua kwa chapa hiyo. Ni dhahiri kwamba uhai wake ulitegemea kuwapo kwa nakala nzima iliyosomeka mahali fulani, hata mhariri akapata pa kuanzia.

Mashairi ya Muyaka bin Haji nayo yalipita njia iliyofanana. Mshairi huyu wa Mombasa alifariki karibu na mwaka wa 1840. Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W.E. Taylor waliyakusanya mashairi yake mwishoni mwa karne hiyo. Miswada ya Taylor ikahifadhiwa London, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapwa Johannesburg. Hapo ni nakala chache za mkono, zilizotunzwa vema, zilizookoa kile ambacho vinywa peke yake visingeliweza kukihifadhi chote.

Bureau, Webuye, na swali la bei

East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948, chini ya uongozi wa Charles Richards. Shabaha yake ilikuwa kuwapatia wasomaji wa Afrika ya Mashariki vitabu vya bei ndogo kwa lugha zao, na vingi vilikuwa vijitabu. Kwa kazi kama hiyo mchapishaji hana budi kuchunga kila senti, na karatasi ni sehemu kubwa ya gharama ya kijitabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Bureau nayo ilivunjika, na nchini Kenya kazi yake ikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Wakati huo nchi ilikuwa na kiwanda chake cha karatasi, Pan African Paper Mills cha Webuye, kando ya mto Nzoia, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974. Kiwanda hicho kilisimama mwaka 2009, kikauzwa mwaka 2016. Kisa chake chakumbusha kwamba uchaguzi wa karatasi haufanywi na mchapaji peke yake. Hufanywa pia na misitu, umeme, fedha za kigeni na ushuru.

Namna ya kuchagua

Kutokana na historia hii yawezekana kutoa kanuni chache za kumfaa mwenye kuchapa kijitabu. Chukua mfano wa kijitabu cha kurasa 32 za ukubwa wa A5. Kila karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4; kwa hiyo kijitabu kimoja hula karatasi 8, na nakala 1000 hula karatasi 8000, yaani rimu 16, bila kuhesabu zinazoharibika. Karatasi ya A4 yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Karatasi za ndani za kijitabu hicho basi zina gramu 40. Zikichaguliwa za gramu 60 kwa mita ya mraba, zitakuwa na gramu 30, na katika nakala 1000 mchapaji atapunguza kilo 10 za mzigo. Akiba hiyo ni halisi, lakini maandishi ya upande wa pili yataonekana. Kwa nathari huenda msomaji akavumilia. Kwa shairi, ambalo hutegemea nafasi nyeupe baina ya ukwapi na utao, kivuli cha mshororo wa nyuma huvuruga mpangilio, na kwa hati ya Kiarabu hatari ya nukta iliyokwisha kutajwa hurudi.

Jambo la pili ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya mashine ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja. Nyuzi hizo zikienda sambamba na mkunjo, kijitabu hufunguka vizuri na mgongo haupasuki. Zikiukata mkunjo, karatasi hukakamaa, na jalada zito huchanika mapema. La tatu ni waya wa kushonea. Katika hewa ya pwani waya hushika kutu, na kutu huila karatasi iliyo karibu nayo. Kijitabu kinachotazamiwa kudumu ni afadhali kishonwe kwa uzi.

Lililo kubwa kuliko yote ni asidi. Tangu mwaka 1994 kipimo cha kimataifa cha ISO 9706 kimeeleza sifa za karatasi ya kudumu, na mojawapo ni kuwa na akiba ya chokaa ya kuimeza asidi inayozaliwa baadaye. Karatasi isiyokuwa na asidi si adimu tena kama zamani. Mara nyingi kinachokosekana ni mteja wa kuiulizia.

Nakala za kuhifadhi

Yawezekana kupinga kwamba si kila kijitabu chastahili kudumu. Kijitabu cha kufundishia kusoma kimetimiza wajibu wake kikichakaa mikononi mwa wanafunzi, na kukipandisha bei kwa ajili ya watafiti wa karne ijayo ni kumnyima mtoto wa leo. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini sheria ya zamani ilikwisha kuonyesha njia ya kutoka. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911 ilidai kwamba nakala inayopelekwa British Museum iwe ya karatasi bora kabisa iliyotumika kwa kitabu hicho, na nakala za maktaba nyingine ziwe za karatasi iliyotumika kwa nakala nyingi za kuuza. Sheria hiyo ilikiri kwamba chapa moja yaweza kuwa na karatasi mbili, kila moja na kazi yake.

Mfano huo unafaa kuigwa. Katika nakala 1000 za kijitabu kilichotajwa, nakala 30 za kuhifadhi zinahitaji karatasi 240 tu za ndani, ambazo hazifiki nusu ya rimu. Gharama yake ni ndogo mno, na faida yake ni kwamba nakala zilizobaki zaweza kuuzwa kwa bei ya mwananchi bila kuuhukumu utungo wenyewe kufa nazo. Nakala hizo 30 zikigawanywa katika maktaba za vyuo vikuu, nyaraka za taifa na maktaba za pwani, mhariri wa baadaye atakuwa na pa kuanzia, kama alivyopata Allen kwa Habari za Wakilindi. Idara za lugha, ambazo zenyewe huchapa vijitabu vya tungo, istilahi na masimulizi yaliyokusanywa kwa wazee, ndizo zinazopaswa kutangulia katika jambo hili, kwa kuwa katika vijitabu hivyo mara nyingi mzee aliyesimulia hana nakala nyingine ya maneno yake.