Safari za Vijana na Nyumba za Watoto: Tulikotoka, Tulipojikwaa, Tulipofika



Kamati ya gazeti hili la maadhimisho iliniomba niandike historia ya safari za vijana wetu za kusaidia kwenye nyumba za watoto. Waliniambia niandike mafanikio. Nitayaandika. Lakini historia yenye mafanikio peke yake siyo historia, ni tangazo la biashara. Biblia haikumficha Daudi, haikumficha Petro, na mimi sitatuficha sisi.

Mahali tulipoanzia

Kwa ndugu zetu walio ng'ambo ambao hawajafika: ukitoka Lilongwe kwa barabara kuu ya M1 kuelekea kaskazini, unapita Lumbadzi, pale karibu na uwanja wa ndege wa Kamuzu, halafu unaendelea na kushika njia ya upande wa Dowa. Ni kama kilomita 45 hivi kutoka mjini. Hapo ndipo Dzaleka. Zamani, enzi ya Rais Kamuzu Banda, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe kwa Kichewa linabeba maana ya mtu anayesema "sitarudia tena". Mwaka 1994, Malawi ilipokuwa inaingia kwenye siasa ya vyama vingi, pakafunguliwa kambi kwa sisi tuliokimbia Rwanda, Burundi na nchi iliyokuwa bado inaitwa Zaire.

Malawi haikuwa ngeni katika kupokea watu. Ilikuwa imetoka tu kuhifadhi zaidi ya milioni moja ya ndugu wa Msumbiji, mpaka vita vyao vikaisha kwa mapatano ya Roma ya Oktoba 1992. Kambi yetu ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Mkisikia tunasema Dzaleka tumebanana, si maneno ya kuombea msaada, ni hesabu.

Tulikuja na masufuria machache, lakini Injili tulikuja nayo. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ndiyo leo inaitwa CEPAC. Wale wa Norway walianza Kaziba mwaka 1922, ndiyo CELPA. Burundi kazi ilianzia Kiremba mwaka 1935, na Rwanda ilianzia Gihundwe mwaka 1940. Kwa hiyo watu wa nchi tatu walipokutana chini ya turubai moja hapa Dzaleka, walikuta wanajua nyimbo zilezile, kila mmoja kwa lafudhi yake, na Kiswahili kikawa daraja. Ushirika wetu ulizaliwa hivyo.

Tulivyorithi wazo la nyumba ya yatima

Wapentekoste tumelelewa na ushuhuda wa watu wa imani waliopokea watoto. Wote tumehubiriwa habari za George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyeanza mwaka 1836 na kulea watoto zaidi ya 10,000. Wachache wanamkumbuka Lillian Trasher, dada wa Kipentekoste kutoka Marekani. Alifika Misri mwaka 1910. Aliitwa kwa mama mmoja aliyekuwa anakufa, akabaki na kichanga chake mikononi. Mwaka 1911 akafungua nyumba ya watoto pale Asyut, na akaifanya kazi ile mpaka alipolala katika Bwana mwaka 1961.

Miaka hamsini, ndugu zangu! Hakwenda wiki mbili. Naomba mshike jambo hilo, tutarudi kwake.

Safari ya kwanza

Safari zetu zilianza kwa makundi mawili. Vijana wa upande wa Mbeya walikuja kwa basi, wakavuka mpaka wa Kasumulu na Songwe, wakapita Karonga, Mzuzu, Kasungu, Mponela, mpaka kwetu. Vijana wa Dzaleka waliungana nao hapa. Wetu hawawezi kuvuka popote. Sheria ya wakimbizi ya Malawi ni ya mwaka 1989, na nchi ilipokubali mkataba wa kimataifa iliweka masharti yake kuhusu kazi na kuhusu mkimbizi kutembea. Kutoka kambini ni kwa ruhusa. Basi vijana wetu walikuwa wanatania: kwa kijana wa Mbeya ng'ambo ni Malawi, kwa kijana wa Dzaleka ng'ambo ni Lumbadzi!

Tulikwenda kwenye nyumba moja ya watoto upande wa Lilongwe. Jina lake sitaliandika, maana walezi wake ni watu wema na kosa lilikuwa letu. Tulibeba unga, sabuni, madaftari na magodoro. Tulivaa fulana za rangi moja zilizochapishwa mgongoni. Kwaya iliimba, tukacheza mpira na watoto, tukapaka ukuta rangi. Tulilia tulipoondoka, na watoto walilia pia. Tukasema Bwana ametutumia.

Mwaka uliofuata tulirudi. Ukuta tuliopaka ulikuwa umepakwa tena na kundi lingine, kwa rangi nyingine. Na sisi tukapaka tena! Paa la bweni la wavulana lilikuwa linavuja palepale lilipovuja mwaka wa kwanza. Hakuna kundi lililopanda juu, kwa sababu kupaka rangi kila kijana anaweza, lakini kupiga bati kunahitaji fundi. Watoto walitoka darasani ili watuimbie wimbo wa kutukaribisha. Waliimba vizuri sana. Kumbe ni kwa sababu kila mwezi kuna wageni.

Mama mlezi mmoja alinivuta pembeni. Aliniambia kwa upole kabisa: "Baba, mkishaondoka, wiki nzima wadogo hawalali vizuri. Wanauliza yule dada aliyewabeba atarudi lini. Mimi nawajibu nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema tutaomba.

Jumapili ya picha

Tuliporudi Dzaleka tulionyesha picha kanisani. Watu walipiga vigelegele. Halafu mama mmoja wa Kivu akasimama, akaja mbele, akagusa picha ya mvulana aliyekuwa amebebwa mabegani na kijana wetu. Akasema:

"Huyu mutoto si yatima. Mimi njo mama yake."

Kanisa lilinyamaza. Mama yule alieleza kwamba baba wa mtoto alifia vitani, mgao wa chakula ulipunguzwa, na yeye ana wengine watatu. Mtu alimwambia kule kuna nyumba inapokea watoto, wanakula, wanasoma. Akampeleka. Hakumtupa. Alimpeleka kwa sababu anampenda. Nauli ya kwenda kumwona hakuwa nayo, na ruhusa ya kutoka si ya kila siku. Sisi tulikuwa tumemwona mtoto wake mara mbili, yeye hata mara moja.

Wiki ile mhasibu wetu alipiga hesabu ya safari: basi, mafuta, chakula cha kundi, fulana. Fulana peke yake, ambazo leo wengine wanadekia nyumba, zingemlisha yule mama na watoto wake wote kwa miezi. Wapendwa, hiyo hesabu ilituuma.

Kumbe si sisi peke yetu

Tulipoanza kuuliza, tulikuta kanisa na dunia yote wanajifunza somo hilohilo. Mwaka 2009 shirika la Save the Children liliandika kwamba, duniani, angalau watoto wanne kati ya watano walio kwenye nyumba za kulelea wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulikubali mwongozo unaosema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Rwanda, nchi ya wengi wetu, ilijaa nyumba za yatima baada ya 1994 kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Lakini mwaka 2013 ilianza mpango wa kuwarudisha watoto kwenye familia na kuzifunga nyumba zile kidogokidogo. Kenya mwaka 2017 ilisimamisha kuandikisha nyumba mpya za watoto.

Hata Malawi hapa ina hekima yake. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoua wazazi wengi, waliobeba mzigo hawakuwa mashirika, walikuwa mabibi, wale tunaowaita agogo. Vijiji vilianzisha vile vishule vya uji, mkomba phala, ambako wadogo wanakula na kujifunza mchana, na jioni wanarudi nyumbani. Tazameni na Mchinji. Mwaka 2006 kamera za dunia nzima zilikuwa pale kwa sababu mwimbaji Madonna alimchukua mtoto kutoka nyumba ya watoto, mtoto ambaye baba yake mzazi alikuwa hai. Mwaka uleule, wilaya ileile, serikali ilianza kujaribu mpango wa kuzipa familia maskini kabisa fedha kidogo mkononi. Huo haukupigwa picha sana. Lakini ulienea, na leo uko nchi nzima.

Simaanishi kwamba nyumba zote zifungwe kesho. Kuna mtoto asiye na mtu kabisa, na kuna mtoto ambaye kwao ni hatari. Huyo lazima apate mahali. Na walezi wanaoamka usiku kumfunika mtoto wa mwenzao, Mungu anawaona. Ninachosema ni kwamba nyumba iwe mlango wa mwisho, na sisi tulikuwa tumeifanya kuwa wa kwanza.

Tuliyoyakuta katika Neno

Wazee walituita kwa maombi ya siku tatu, tukasoma upya. Sote tunaijua Yakobo 1:27, kuhusu kuwaangalia yatima na wajane. Lakini tulikuwa tumeikata katikati: tuliwaendea yatima, wajane tukawaacha, wakati mara nyingi mjane ndiye mama wa yatima. Zaburi ya 68 inamsifu Mungu anayewapa wapweke makao katika jamaa. Esta alilelewa na ndugu yake Mordekai. Na Musa je? Binti Farao alimwokota mtoni, na kwa hekima ya dada yake Musa, mama mzazi akaitwa, akalipwa ujira ili amnyonyeshe mtoto wake mwenyewe. Mzee mmoja alipofika hapo alifunga Biblia, akasema: "Pesa ya Farao ilijua kufika kwa mama. Ya kwetu inapita wapi?"

Tulivyobadilika

Kwanza, safari hazikufutwa, zilibadilishwa kazi. Vijana wa ng'ambo wanakuja na fedha ya mabati na misumari, fundi wa hapahapa analipwa, na wao wanabeba, wanachimba, wanajifunza. Paa lile sasa halivuji.

Pili, kila kundi linatenga sehemu ya fedha kwa mama au agogo: unga, sare ya shule, mtaji mdogo wa mandasi au sabuni. Idara ya akina mama ndiyo inayofuatilia, mwaka mzima.

Tatu, hakuna picha za watoto. Ukitaka ukumbusho, piga picha ya paa.

Yule mvulana alirudi kwa mama yake. Haikuwa kwa siku moja. Maofisa wa ustawi wa jamii walikuja kukagua, barua zikaandikwa, mama akapewa muda wa kujipanga. Leo anapiga ngoma kwaya ya watoto. Lakini mtoto mwingine tulimpeleka kwa shangazi yake haraka mno, kwa shauku yetu, bila maandalizi. Ilishindikana na akarudi kwenye nyumba akiwa ameumia mara mbili. Hilo nalo ni letu, tumeliungama.

Kisha ukaja mwaka 2023. Machi serikali iliagiza wakimbizi wote wanaoishi nje warudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Familia zilizokuwa na maduka Lilongwe zilifika Dzaleka na mabegi tu. Wengi wao ndio waliokuwa wanachangia mfuko wetu wa watoto, na wengine walikuwa wamepokea watoto majumbani mwao. Mfuko ulikauka. Niliogopa kwamba watoto watarudishwa mmojammoja. Nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza. Mama mmoja, aliyekuwa analala na watu tisa chumba kimoja, aliniangalia kama nimemtukana. "Pasta, unamurudisha mutoto wako juu ya duka?" Hakuna hata familia moja iliyomtoa mtoto.

Hapo nilimkumbuka dada Lillian na miaka yake hamsini. Kumbe tunao akina Lillian hapa, na hawana pasipoti.

Kwa vijana wa safari ijayo

Njooni, tunawangoja. Lakini kabla ya kuchapa fulana, ulizeni mambo matatu: mtoto huyu ana nani aliye hai? Nani atabaki naye tukiondoka? Fedha hii ingefanya nini mikononi mwa mama yake? Mkishapata majibu, ndipo mpande basi.

Mungu aliyetutoa mbali, akatukutanisha kwenye uwanja uliokuwa wa gereza, awafanye watoto wetu kuwa na kwao. Amina.

Ni mimi mtumishi wenu, Idara ya Vijana, Dzaleka.