Kabla Spider-Man Alelewe na Shangazi Yake, Kulikuwa na Pim

Wasee, leo sina vichekesho. Wale mnaopenda video zangu za makanga wa Rongo na mama wa omena, nivumilieni kidogo. Leo ni historia, na inaanza na swali la mtoto wa miaka tisa.

Mwaka jana mwezi wa nne, mama alileta mtoto nyumbani. Kijana mdogo, ametoka upande wa Ndhiwa, mtoto wa marehemu binamu yake. Nguo zake zote zilitoshea kwa kagunia kadogo. Siku ya tatu tulikuwa nje tunachambua omena, akaniuliza polepole kwa Kijaluo: mimi nimekuja kutembea ama nimekuja kukaa?

Nikakosa jibu. Na kwa hiyo nyumba yote, mimi ndiye nilistahili kuwa nalo. Huyu mama ninayemtaja kila siku kwenye video ni dada mdogo wa mamangu. Alinitoa Mbita nikiwa na miaka mitano, 2008, tukapanda gari hadi Homa Bay, tukabadilisha, tukafika Rongo usiku. Nimekaa kwake tangu siku hiyo. Kwa Kijaluo dada ya mama ni mama tu, hakuna neno la kuwatenganisha ukiita. Lakini shuleni kulikuwa na ile fomu: jina la mama, jina la baba, jina la mlezi. Kila mwaka nilikuwa natazama hizo nafasi tatu kama hesabu ngumu. Hakuna aliyewahi kuniketisha chini akaniambia jina lake linaandikwa wapi.

Sasa, mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Sina digrii. Lakini kabla nitoke nilikuwa nimepata kitu kimoja pale maktaba, na ndicho nataka kuwapa leo.

Kuna kitabu kinaitwa Siaya, cha 1989, kiliandikwa na wanahistoria wawili, David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo. Humo ndimo nilikutana na pim. Pim alikuwa mwanamke mzee, amemaliza kuzaa, anakaa kwenye nyumba inayoitwa siwindhe. Watoto wa boma walilala kwake. Yeye ndiye aliwafundisha nani ni ndugu yao, nani hawawezi kumuoa, mtu anakaaje na watu. Na usiku aliwapa hadithi, zile sigana. Nilipomtajia jirani yetu mzee pale Rongo neno siwindhe, alilimalizia mdomoni mwangu.

Kilichonishika ni hiki: mara nyingi pim hakuwa wa damu. Alikuwa ametoka mbali, mahali pengine, na wengine walikuwa wametekwa. Kwa hivyo tusimpambe sana, huenda kuna pim ambaye hakuchagua kuwa pale. Lakini fikiria vile mtoto aliiona hiyo nyumba. Aliye na mama na asiye na mama walilala sakafu moja, wakisikiliza sauti moja, ya mtu asiyemzaa hata mmoja wao. Yatima, yule tunamwita nyathi kich, hangejulikana gizani. Kulelewa na mtu mwingine haikuwa msiba wa mtoto mmoja. Ilikuwa ratiba ya kila mtoto.

Na hadithi zenyewe zilikuwa na kazi. Chukua Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay ambalo wengi wenu mmeenda kupiga picha. Bibi mgeni anafika kijijini usiku, watu wako kwa sherehe, wanamfukuza. Mwanamke mmoja tu anamkaribisha. Kijiji kinazama, aliyekaribisha anaokoka. Mpe mtoto aliyeletwa jana hiyo hadithi. Anasikia kwamba kumpokea mgeni si kumwonea huruma, ni kitu ambacho uhai wa kijiji unategemea. Hata mwisho wa hadithi, mtoto alikuwa anaomba akue mrefu kama mti wa kwa mjomba. Kwa mjomba! Nusu ya marafiki zangu wa Homa Bay wamekulia huko.

Halafu siwindhe ikaisha polepole. Shule za misheni zikaja, watoto wakahamia bweni, mababa wakaenda kutafuta kazi mjini. Sisemi shule ilikuwa mbaya. Nasema nyumba ya hadithi ilifungwa na hakuna aliyeuliza hadithi zitahamia wapi.

Lakini tabia ya kulea haikuisha. Mfano mkubwa kabisa uko hapa kwetu. Ukoo wa Obama ulitoka Kanyadhiang, pale Kendu Bay, kabla Hussein Onyango ahamie Kogelo. Mke wake Akumu alipoondoka, watoto wakabaki mikononi mwa mke mwingine, Sarah. Mmoja wao ndiye Barack mkubwa, baba ya rais. Kwa hivyo Mama Sarah hakuwa damu ya yule rais wa Marekani hata tone. Lakini soma Dreams from My Father, kile cha 1995. Kijana anakuja kutoka Chicago kutafuta baba yake, na anayeketi naye kumpa historia ya ukoo mzima ni huyo nyanya. Hiyo ni kazi ya pim. Mama Sarah alifariki Machi 2021 na dunia nzima ilimwita nyanya ya Obama, hakuna aliyeomba cheti.

Sasa tufike kwa ile sehemu ngumu.

Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Dawa zilianza kutolewa bure kwenye hospitali za umma 2006. Hesabu hiyo miaka saba, na kabla yake miaka mingine kama kumi na tano. Hata baada ya hapo, utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta Homa Bay asilimia 19.6 ya watu wazima wana virusi, Migori asilimia 13, wakati Kenya nzima ilikuwa 4.9. Nyuma ya hizo namba kuna akina dani waliozika watoto wao watatu, wanne, halafu wakarudi nyumbani kupikia wajukuu tisa.

Nyumba zilifunguka, hilo tusiwanyime wazee wetu. Kilichofungwa ni mdomo. Kwa sababu kumwambia mtoto kwa nini uko hapa, ilibidi kumwambia mama yako aliuawa na nini. Na hicho hakingetamkwa. Ilikuwa malaria ya muda mrefu. Ilikuwa chira. Ilikuwa "aliugua tu". Kwa hivyo kizazi chetu kililishwa, kikavishwa, kikasomeshwa, na hakikuambiwa kitu. Pim alikuwa na hadithi. Dani alikuwa na ugali na siri.

Kuna mtu aliyevunja hiyo kimya mapema, na wengi wenu mmemsoma bila kujua alikuwa anafanya nini. Margaret Ogola, mzaliwa wa Asembo, daktari wa watoto, aliyefanya kazi na watoto yatima wenye virusi pale Cottolengo, Nairobi. The River and the Source ilitoka 1994, miaka mitano kabla serikali itamke neno janga. Watu husema ni kitabu cha wanawake wenye nguvu. Ni kweli. Lakini kisome tena ukihesabu ni nani analea mtoto wa nani. Owuor, baba yake anakufa akiwa mdogo, analelewa na nyanya yake Akoko. Na Akoko haishii kumpikia. Shemeji yake anapojichukulia kiti na mali ya huyo mtoto, anatembea hadi Kisumu kumshtaki. Mwishoni Becky anakufa kwa ukimwi, kitabu kinataja ugonjwa kwa jina lake, na watoto wake wanachukuliwa na Aoro na Wandia. I Swear by Apollo, ya 2002, inawafuata wakiwa wakubwa. Daktari huyu alijua dawa peke yake haitoshi, mtoto anahitaji kujua hadithi yake inaendelea baada ya kaburi.

Halafu kuna Chozi la Heri ya Assumpta Matei, 2014. Hii nilikutana nayo kama kitabu teule, mimi ni wa ile KCSE iliyosukumwa hadi Machi 2021 sababu ya korona. Mnamkumbuka Umu. Mnawakumbuka Mwangeka na Apondi, watu wawili waliofiwa, wanamchukua awe binti yao. Neema na Mwangemi wanamchukua Mwaliko. Kitabu kinaita hiyo kupanga mtoto.

Siku tulipofika hapo darasani, mtu nyuma akasema, "Kupanga kama nyumba? Landlord akitaka unarudisha?" Darasa lote likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimepangwa tangu niwe na mitano, na nilicheka mpaka mwalimu akanitoa nje. Kule nje nilisimama kando ya tangi la maji, na sikuwa nacheka tena.

Hicho ndicho kinaniuma kuhusu hizi kazi. Tunazo. Ziliandikwa na watu wetu, zinashika maisha yetu. Lakini tumezifanya maswali ya dondoo. "Fafanua maudhui ya malezi, alama kumi na mbili." Hakuna aliyetuuliza ni nani hapa amelelewa na mtu mwingine. Kwa darasa la watu hamsini Migori, ungeshangaa mikono.

Wengi wetu tulipata faraja kwa sinema, kwa bahati tu. Kibanda cha video, shilingi kumi, na hakuna aliyesema ni somo. Spider-Man anakaa kwa shangazi. Superman ameokotwa na wakulima. Kung Fu Panda 2, ya 2011, panda mzima anaanza kuuliza mbona baba yake ni bata bukini anayeuza noodles. Nilitazama hiyo nikiwa mtoto na nikakasirika, kwa sababu Po aliuliza swali na akajibiwa. Mzee Ping alimpa hadithi yote: nilikukuta kwa kreti ya mboga, nikakuogesha, nikakulisha, ukawa mwanangu. Nilitaka mtu aniambie hivyo. Hata kama ni kreti.

Sasa najua mtaniambia nini. Mtoto anahitaji unga, viatu na karo, wewe unaleta vitabu. Sawa. Na pia si kila aliyechukua mtoto alimchukua kwa upendo. Tunawajua waliogeuzwa wachungaji na wafanyakazi wa nyumbani bila mshahara, vijana wanaovuta nyavu ufuoni wakati wenzao wako shule, wale waliorudi wakakuta mjomba ameshauza shamba la baba yao. Chozi la Heri haikuficha hilo, Sauna anamuiba Dick na mtoto anatumiwa kubeba dawa za kulevya. Ndiyo maana nasema hadithi si mapambo. Mtoto asiyejua ametoka wapi hajui hata shamba lake ni lipi. Anayejua anaweza kuuliza.

Na serikali yenyewe inarudi pale. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa, malezi ya kambo na kuasili, na mpango wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao waingie kwa familia. Poa. Nyumba tutapata. Lakini hakuna afisa atakayekuja Rongo kumjibu mtoto anayechambua omena.

Kwa hivyo nilifanya kile nilichoweza. Nilichukua nakala yangu ya zamani ya The River and the Source, haina jalada, nikaanza kumsimulia huyo kijana jioni. Nasoma kimya, halafu namwambia kwa Kijaluo. Tulipofika kwa Owuor, akanikatiza. "Na alirudishwa?" Nikamwambia hakurudishwa. Alikaa kwa dani, akasoma, akawa padri. Akanyamaza. Kesho yake jioni alikuja na kiti chake kabla nimuite. Sijui kama ameshajibiwa. Kale kagunia kake bado kako chini ya kitanda, na sijamwambia akatoe.

Usiku mmoja mama alikuwa mlangoni anasikiliza. Mtoto alipolala nikamuuliza kile sijawahi kumuuliza miaka yote hii: mbona hukuwahi kuniambia nimekuja kukaa?

Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Nilidhani unajua."

Wasee, hatujui. Kama kwenu kuna mtoto wa aina hiyo, mwambie. Kama huna maneno, azima ya Ogola, azima ya Matei, azima hata ya yule bata bukini. Usingoje akutane nayo kidato cha tatu, mbele ya watu wanaocheka.