Leopards: toka Gelsenkirchen mpaka Rabat, kocha ndiye wa kwanza kulaumiwa

Tarehe 9 Septemba 2025, kwenye uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, ilipofika dakika ya 33 Leopards walikuwa wanaongoza Senegal mabao 2 kwa 0. Cédric Bakambu alikuwa amefunga, Yoane Wissa naye amefunga. Kombe la Dunia, ambalo mpaka siku hiyo Congo ilikuwa imelionja mara moja tu mwaka 1974, lilikuwa kama limefika mlangoni. Pape Gueye akarudisha bao moja kabla ya mapumziko. Nicolas Jackson akasawazisha. Dakika ya 87 Pape Matar Sarr akafunga la tatu, na viti vya uwanja vikaanza kung'olewa na kurushwa. Huku Bunia, ambako saa iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, usiku ulikuwa umeshaingia, na kwa wengi mechi yenyewe ilikuwa sauti ya redio tu.

Hasira ikaenda mahali inapokwenda siku zote, yaani kwa kocha. Safari hii ni Sébastien Desabre, Mfaransa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na makocha wa kigeni wa Congo wameivaa kamba hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Ila ukiifuata historia yenyewe, mwaka kwa mwaka, unakuta kwamba mara nyingi kamba ilifungwa na watu wengine kabisa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwaka 1968, huko Addis Ababa, Congo ilichukua Kombe la Afrika kwa kuifunga Ghana bao 1 kwa 0, bao la Pierre Kalala. Kocha alikuwa Mhungari, Ferenc Csanádi. Vilabu navyo vilikuwa na nguvu: Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na Vita Club ya Kinshasa ikafuata mwaka 1973. Kwa hiyo timu iliyokwenda Misri mwaka 1974 haikuokotwa njiani. Chini ya Blagoje Vidinić, kocha kutoka Yugoslavia, Zaire ilitoka sare ya 2 kwa 2 na Zambia kwenye fainali, ikabidi mechi irudiwe siku mbili baadaye. Ndaye Mulamba akafunga yote mawili, 2 kwa 0. Katika mashindano hayo peke yake alifunga mabao 9, na hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Afrika tangu hapo. Mobutu aliwapokea kama mashujaa. Wachezaji wenyewe wamesimulia ahadi za nyumba na magari.

Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2 kwa 0, matokeo ambayo hayakuwa aibu. Ndipo pesa zikaingia katikati. Beki Mwepu Ilunga alieleza miaka mingi baadaye kwamba wachezaji waliambiwa posho yao haitafika, wakataka kugoma, na wakaingia uwanjani mioyo ikiwa imeshavunjika. Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0.

Mechi hiyo ndiyo mama wa lawama zote. Baada ya bao la tatu, dakika kama ya 20, kipa Kazadi Mwamba alitolewa nje akaingia Tubilandu Dimbi, na kazi yake ya kwanza ikawa kuutoa mpira wavuni. Mwamuzi akampa Ndaye kadi nyekundu kwa kosa la mtu mwingine. Aliyempiga teke mwamuzi alikuwa Mwepu. Mashabiki hawakuhitaji ushahidi zaidi. Kocha Myugoslavia, timu ya Yugoslavia, kipa katolewa: basi ameuza mechi! Neno hilo lilimfuata Vidinić miaka yote, ingawa mabao mengine sita yaliingia mbele ya watu ambao hawakulipwa, na wasiolipa hawakuwa wametoka Belgrade.

Mechi ya tatu ilikuwa na Brazil. Kwa maelezo ya Mwepu, watu wa Mobutu walikuja hotelini na kuwaambia kwamba wakifungwa zaidi ya mabao matatu hakuna atakayerudi nyumbani. Brazil ilipopata mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaupiga mbali kabla haujapigwa. Ulimwengu ulicheka, na bado unacheka kwenye video, ukidhani kwamba Mwafrika hajui kanuni. Yeye alisema kanuni alizijua. Mechi ikaisha 3 kwa 0, na wakarudi nyumbani.

Na Ndaye, mwenye mabao 9? Familia zilizokimbia vita zina haki ya kuijua hadithi yake, kwa sababu inafanana na yao. Mwaka 1994 aliheshimiwa kwenye Kombe la Afrika huko Tunisia. Aliporudi nyumbani alishambuliwa na watu wenye silaha, akapigwa risasi mguuni. Akaishia Afrika Kusini kama mkimbizi, kwenye mitaa ya maskini ya Cape Town, ambako hata majirani hawakumjua. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea, kwa habari kwamba amekufa. Hakuwa amekufa. Aliishi mpaka Januari 2019.

Kombe hilo la 1998 ndilo lililomwinua kocha wa nyumbani, Louis Watunda. Wakigombea nafasi ya tatu na wenyeji, Leopards walikuwa nyuma 4 kwa 1 zikiwa zimebaki dakika chache. Wakarudisha yote, 4 kwa 4, wakashinda kwa penalti. Ilikuwa Februari. Mwezi wa Agosti vita vya pili vikaanza, na baada ya muda Ituri ikawa mikononi mwa jeshi la Uganda na makundi ya waasi waliogombana wao kwa wao. Kati ya Bunia na Kinshasa hapakuwa tena na serikali moja. Timu ya taifa ilikuwa mojawapo ya vitu vichache sana vilivyobaki na jina lile lile pande zote mbili za mstari wa vita.

Ndiyo maana mwaka 2004 uliuma. Kule Tunisia, chini ya Mwingereza Mick Wadsworth, Leopards walipoteza mechi zote tatu, na ya mwisho ilikuwa na Rwanda, 1 kwa 0. Mtu wa Kinshasa aliona mechi mbaya. Mtu wa mashariki, mwaka ule, aliona kitu kingine. Wadsworth akaondoka. Akaja Claude Le Roy, Mfaransa, akaifikisha timu robo fainali mwaka 2006, akaondoka, akarudi, na mwaka 2013 akatolewa baada ya sare tatu.

Florent Ibenge alikuwa mwana wa nchi, na kwa muda watu walisahau kulaumu. Mwaka 2015 aliwafikisha Leopards nafasi ya tatu ya Afrika, wakiwa wametoka nyuma 2 kwa 0 na kuifunga Congo-Brazzaville 4 kwa 2. Mwaka uliofuata akashinda CHAN mjini Kigali, 3 kwa 0 dhidi ya Mali. Lakini kwenye Kombe la Afrika la 2017 wachezaji waligomea mazoezi kwa sababu ya posho, miaka 43 baada ya Gelsenkirchen, ugonjwa ule ule. Na Septemba ya mwaka huo, mjini Kinshasa, Leopards waliongoza Tunisia 2 kwa 0 wakaruhusu 2 kwa 2. Tunisia ikaenda Kombe la Dunia kwa pointi 14, Congo ikabaki na 13. Anayeshangaa kilichotokea na Senegal mwaka 2025 hakumbuki hiyo.

Hapo ndipo historia ya mpira na historia ya Ituri zinapogongana. Desemba 2017 vijiji vya Djugu vilianza kuchomwa. Makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kuingia Uganda, wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Juni 2019 mashambulizi yalizidi, na UNHCR ikatangaza kwamba zaidi ya watu 300,000 wamekimbia katika majuma machache, huku Ebola nayo ikiua watu. Tarehe 22 ya mwezi huo huo, mjini Cairo, Leopards wakacheza na Uganda. Walifungwa 2 kwa 0: Patrick Kaddu, kisha Emmanuel Okwi. Mkongomani aliyekuwa Kyangwali aliisikia furaha ya Waganda akiwa kwenye ardhi yao. Ibenge aliondoka baada ya mashindano hayo, ambapo Madagascar iliwatoa kwa penalti.

Kocha wa Uganda siku ile alikuwa Sébastien Desabre.

Kabla yake walipita wengine wawili. Christian Nsengi-Biembe, mwana wa nchi, alishindwa kuipeleka timu Cameroon, na Kombe la Afrika la Januari 2022 likachezwa bila Leopards. Héctor Cúper wa Argentina aliifikisha timu hatua ya mwisho ya kutafuta Kombe la Dunia. Morocco ikawafunga 4 kwa 1 mjini Casablanca. Juni 2022 akapoteza na Gabon Kinshasa, kisha na Sudan, akafukuzwa. Desabre alipoitwa mwezi wa Agosti, timu haikuwa na pointi hata moja kwenye kundi lake. Ilimaliza ya kwanza.

Huko Côte d'Ivoire mwaka 2024 alitoa sare tatu, na manung'uniko yakaanza upya kwamba kocha ni mwoga. Halafu akaitoa Misri kwa penalti 8 kwa 7, kipa Lionel Mpasi akifunga ya mwisho, akaifunga Guinea 3 kwa 1. Tarehe 7 Februari, kabla ya nusu fainali na wenyeji, wachezaji na kocha wao walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukifunika mdomo, vidole viwili vya mwingine vikielekea kichwani kama bunduki. Vyombo vya nje vilieleza zaidi habari za Goma na M23. Kwa waliolala kwenye mahema ya Kigonze na ISP, ishara ile ilikuwa pia ya Djugu, na ya Plaine Savo, ambako watu wengi waliuawa ndani ya kambi usiku mmoja wa Februari 2022. Mechi walishindwa 1 kwa 0. Ni mechi ya kushindwa ambayo haikuleta lawama nyingi.

Kwa hiyo Septemba 2025 mashabiki walikuwa na haki ya kukasirika. Timu inayoongoza 2 kwa 0 nyumbani haipaswi kulala, na mabadiliko ya kocha ni halali kujadiliwa. Viti vilivyovunjwa, lakini, vilikuwa vya mashabiki wenyewe.

Desabre hakufukuzwa. Leopards walishinda Togo na Sudan, 1 kwa 0 kila mara, wakamaliza wa pili nyuma ya Senegal, wakaenda Morocco kucheza mechi za mchujo. Tarehe 13 Novemba, Chancel Mbemba aliifunga Cameroon katika dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye, mjini Rabat, Nigeria ilitangulia, Congo ikasawazisha, na ikabaki 1 kwa 1 mpaka mwisho wa dakika 120. Penalti zikikaribia, kocha alimtoa kipa Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu. Miaka 51 kabla yake Vidinić alibadilisha kipa akaitwa msaliti. Fayulu aliokoa, Mbemba akafunga ya mwisho, 4 kwa 3, na mtu yule yule aliyezomewa Septemba akasifiwa kwa akili nyingi.