Bima ya Mali ya Biashara na Uporaji wa 1991

Tarehe 23 Septemba 1991, askari wa Zaire walionung'unikia mishahara yao walianza kupora maduka na maghala mjini Kinshasa. Raia wakawafuata. Mwezi wa Oktoba Lubumbashi nayo iliporwa, na Januari 1993 Kinshasa ikarudiwa. Kwa mfanyabiashara aliyekuwa na bima, au asiransi kama wasemavyo wengi Lubumbashi kwa kufuata Kifaransa, swali lilikuwa moja: mkataba wasemaje?

Wakati huo bima yote nchini ilikuwa mikononi mwa SONAS, shirika la dola lililoundwa 1966 na kupewa ukiritimba. Hata hivyo, kuulaumu ukiritimba peke yake ni kurahisisha mambo. Bima ya mali haikingi kila hasara, bali hatari zilizotajwa. Moto ni hatari moja, wizi wa kuvunja mlango ni nyingine, na ghasia za umma ni ya tatu. Katika mapokeo ya sheria ya Ubelgiji na Ufaransa, hasara ya vita na ghasia haimo katika bima isipokuwa pande mbili zimeafikiana waziwazi. Basi duka lililovunjwa na umati halikuhesabiwa kuwa duka lililoibiwa, ingawa rafu zilibaki tupu vilevile.

Jambo la pili halikuzungumzwa sana, nalo huenda liliumiza zaidi: kiasi kilichoandikwa. Ghala lenye thamani ya 100,000 likikatiwa bima ya 40,000, kanuni ya uwiano humhesabu mwenye mali kuwa amejitwika sehemu iliyobaki. Akipata hasara ya 50,000, hulipwa 20,000 tu. Katika nchi ambayo bei zilipanda bila kupumzika, kiasi kilichotosha siku ya kutia sahihi kilipungua thamani kabla mkataba haujamaliza mwaka, bila mwenye duka kukosea lolote. Oktoba 1993 ilipotolewa zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani, fidia ya mamilioni matatu iliyokuwa bado haijalipwa iligeuka kuwa zaire moja.

Ukiritimba ulivunjwa na sheria ya 17 Machi 2015, na makampuni ya kwanza ya binafsi yakapata idhini 2019. Mikataba huandikwa kwa Kifaransa, ilhali wenye maduka wengi wa Lubumbashi na Bukavu hujadili biashara yao kwa Kiswahili.